Mama Mwenyekiti na Mlango wa Brigid

Mimi sipendi mikutano. Nalisema mapema ili mtu asije akadhani kwamba haya ninayoyasimulia yalinifurahisha. Nauza viatu vya mitumba sokoni Eldoret, nasimama kutwa nzima, na jioni ninachotaka ni kukaa kitandani mwangu nikiwa nimevua soksi. Lakini ukipanga chumba katika ploti moja na Seline Musimbi, jioni si yako tena.

Seline anakaa chumba cha kwanza ukiingia getini. Alfajiri yuko nje anakaanga mandazi, na hakuna anayetoka wala kuingia bila yeye kumwona. Ni mama mfupi, mnene kiasi, mwenye sauti ya kuongoza kwaya, na tangu nimjue amekuwa mwenyekiti. Mwenyekiti wa chama cha akina mama, mwenyekiti wa kamati ya choo, mwenyekiti wa matanga ya yeyote aliyefiwa hapa mtaani kwetu Langas, amjue asimjue. Watu wanamwita Mama Mwenyekiti, hata wanawe mwenyewe. Ukimwambia maji ya mfereji yamekatika, hasemi pole. Anauliza, "Hilo ni la kuzungumza sasa ama tuite watu?"

Wala msidhani ni mchezo. Kuna asubuhi tulimshika mwizi wa nguo kwenye kamba za kuanikia. Vijana walikuwa wameshaokota mawe. Seline akaja mbio na mwiko wake unadondosha mafuta, akasema, "Kwanza tuombe." Wakayaweka mawe chini, kwa sababu nani ataomba ameshika jiwe? Alipomaliza kuomba akataka kila mtu ajitambulishe, akaanza na mwizi. Mwizi akasema, "Bwana asifiwe," na sisi sote, kwa mazoea, tukaitika, "Amina." Mtu ukishamwitikia Amina ni vigumu sana kumpiga. Kufika saa sita mchana alikuwa amechaguliwa mlinzi wa nguo za ploti nzima, na alizilinda vizuri hadi alipopata kazi ya kupakia viazi Burnt Forest. Alitutumia gunia moja Krismasi. Shati langu la kijani lakini sikurudishiwa, na nimeshalitaja vikaoni mara nyingi.

Sasa, huku kwetu kuna jambo moja ambalo halijaandikwa popote na kila mtu analijua. Kikao kikifunguliwa kwa maombi, lazima kifungwe kwa maombi. Hapo katikati unaweza kubisha, unaweza kununa, unaweza hata kusinzia. Huwezi kuinuka ukafanya utakavyo. Nimeona watu wakidaiwa, wakitukanwa, wakinyeshewa, na bado wanangoja mtu aseme "tusimame tuombe" ndipo waende zao.

Brigid anakaa chumba cha mwisho, karibu na tangi la maji. Alikuwa mpishi katika hoteli ndogo mjini. Mtoto wake alizaliwa kabla ya wakati, mdogo kiasi kwamba ungemlaza katika kiatu kimoja cha namba kumi, na hapo simtanii mtu, viatu navijua. Baba wa mtoto alikwenda Kitale kutafuta kazi na simu yake haijapatikana mpaka leo. Mama na mwana walilazwa hospitalini muda mrefu. Waliporudi, kazi ya hotelini ilikuwa na mtu mwingine na kodi ya nyumba ilikuwa imelimbikizana. Daktari alikuwa amemwambia Brigid jambo moja tu la kushika: mtoto huyu asipigwe na baridi, mapafu yake hayajakomaa. Akishikwa na kifua safari hii, usitegemee sana kumrudisha nyumbani.

Na ulikuwa mwezi wa Julai. Asiyeijua Julai ya Eldoret na aje alale siku moja tu bila blanketi la pili.

Mwenye ploti ni Mzee Kiplimo, mfugaji wa ng'ombe wa maziwa kule Kapseret. Nasema kwa shingo upande kwamba si mtu mbaya. Ni mzee wa kanisa, hanywi, hatukani. Alipomaliza kuijenga ploti hii aliombea mlango mmoja mmoja, akiushika kwa kiganja, huku sisi wapangaji wa kwanza tumesimama na magodoro vichwani tukingoja amalize. Na hiyo ndiyo tabia yake kila mahali. Haingii nyumba ya mtu akaondoka bila kuuombea mlango wake. Atakunywa chai, atasimama, ataweka kiganja mlangoni, na maneno yatatoka yenyewe.

Lakini mlango alioombea anajua pia kuung'oa. Mpangaji akichelewa sana na kodi, Mzee hapigi kelele wala haendi kortini. Anakuja na pikapu na bisibisi yake mwenyewe, maana fundi anataka kulipwa, anafungua bawaba, anaubeba mlango mpaka Kapseret na kuuegemeza kwenye zizi. Mpangaji asiye na mlango huhama bila kuambiwa. Ng'ombe wake wanaijua milango ya Langas kuliko mimi.

Jumanne moja pikapu ikasimama getini. Nilikuwa nimerudi mapema kwa sababu ya mvua. Mzee akapita na koti lake refu na gambuti, akatusalimia vizuri kabisa, akaenda moja kwa moja chumba cha mwisho. Brigid akatoka amembeba mtoto ndani ya sweta.

"Mzee, nipe hata mwezi moja. Daktari amesema huyu mtoto asione baridi."

"Pole, mama. Mimi sina shida na mtoto. Nakuja tu kuchukua mlango yangu."

Akaanza na bawaba ya juu. Skrubu zikatoka, akazitia mfukoni mwa koti. Mlango ukainama kwa mbele. Upepo ukaingia, na mtoto akatoa kikohozi kidogo sana, cha kitu kisichojua bado kukohoa. Nilikasirika. Nilikasirika na nikabaki nimesimama pale pale na viatu vyangu mkononi, kwa sababu hata mimi nilikuwa nyuma kidogo na kodi.

Ndipo akaja Seline, mikono imejaa unga.

"Mzee, karibu sana. Kapseret hawajambo?"

"Hawajambo, Mama. Nachukua tu mlango."

"Sawa, Mzee, mlango ni yako, nani atakataa? Lakini hii ni jambo kubwa, na jambo kubwa hatuanzi hivi hivi kama watu hawana Mungu. Tuombe kwanza."

Hapo Mzee Kiplimo alikosea. Angesema, "Mimi nina haraka," leo tungekuwa tunasimulia mengine. Lakini mzee wa kanisa atakataaje maombi mbele ya wapangaji wake? Akavua kofia. Akaiangalia bisibisi, akaona haifai kushikwa wakati wa maombi, akaitia mfukoni pamoja na zile skrubu.

Seline akafungua kwa maombi. Kisha akamwita Ismail, mwenye duka la getini, aliyekuja Eldoret kutoka Isiolo zamani. "Ismail, njoo na wewe upige dua. Hii ploti si ya dini moja." Ismail akafunga kidirisha cha duka, akainua mikono, akaomba kwa lugha yake na kwa Kiswahili. Sasa kikao kilikuwa kimefunguliwa mara mbili.

Tukaketi kwenye ndoo na mitungi, nje ya chumba cha Brigid. Kila mtu akajitambulisha. Mzee akasema, "Naitwa Kiplimo, ndio mwenye hii ploti," na Seline akaagiza apigiwe makofi ya kilo, yale mazito ya kumpa mtu heshima, akapigiwa. Brigid akasema jina lake, akasema na huyu hajapewa jina bado, naye mtoto akapigiwa makofi, ila ya polepole asishtuke. Mimi nilichaguliwa mtunza saa. Sina saa.

"Ajenda ya kwanza," Seline akasema, "ni yaliyotoka kwa kikao kilichopita."

"Hakuna kikao kilichopita," nikasema.

"Basi lazima tuzungumze ni kwa nini hakukuwa na kikao kilichopita. Wachira, umeanzisha jambo nzuri."

Tukalizungumza mpaka jua likaanza kushuka. Mzee mwenyewe alichangia mara mbili, na nadhani hakujua kwamba anachangia. Ikaletwa chai. Mzee akakitazama kikombe chake kwa muda.

"Hii ni turungi."

"Ndiyo, Mzee," Seline akasema. "Maziwa tutatoa wapi, na vile kodi ya nyumba iko juu?"

Giza lilipoanza kuingia, Seline akasimama. "Wapendwa, hatujafika hata kwa ajenda ya mlango. Tunaahirisha. Hatujafunga, tumeahirisha tu."

"Sawa," Mzee akasema, akiingiza mkono mfukoni. "Basi wacha nitoe mlango niende nayo."

"Mzee! Katikati ya kikao?"

Watu wote wakaguna. Hata Ismail aliguna. Mzee akatoa mkono mfukoni mtupu, akavaa kofia, akarudi kwa pikapu yake. Mlango ulibaki umeninginia kwenye bawaba ya chini. Nikaleta kamba za viatu, zile imara za buti za kazi, nikaufunga kwa juu, na Brigid akaziba mwanya kwa kitenge. Baridi iliingia bado, lakini iliingia kidogo.

Basi Mzee Kiplimo akaanza kukitafutia kikao chake mwisho. Ijumaa akaja, Ismail yuko msikitini, na kikao kilichofunguliwa na wawili hakiwezi kufungwa na mmoja. Jumamosi akaja, mimi ni Msabato, sikuwepo, na akidi haikutimia bila mtunza saa. Jumapili ni yeye mwenyewe aliyekuwa kanisani. Jumatatu akapiga simu. Seline akaiweka kwa spika tusikie wote.

"Mama, si ufunge tu kwa simu? Mimi niko hapa kwa zizi. Wewe uombe, mimi niseme Amina."

"Kikao haifungwi kwa zizi, Mzee."

Akajaribu njia nyingine: akaleta mchungaji kutoka Soy, rafiki yake wa siku nyingi, kusudi afunge. Mzee alidhani ni mjanja. Seline akampokea mchungaji kwa mikono miwili, akampa kiti pekee chenye mgongo, akasema, "Mchungaji, kabla hujatufungia, tupe neno, hata kama ni kidogo." Sijapata kumwona mchungaji aliyeombwa neno kidogo akatoa dogo. Alitoka uumbaji akaenda mpaka siku ya mwisho. Mvua ikaja, tukahamia chini ya bati la choo, akaendelea. Alipomaliza ilikuwa giza na mandazi yote yameisha. Tukaahirisha. Mzee akamrudisha Soy bila kusema naye neno njiani, nilivyosikia.

Siku hiyo lakini Mzee alikuwa amekuja na jerikeni la maziwa. Alimkabidhi Seline kwa uso wa hasira. "Sitakunywa tena ile turungi yenu. Ni aibu, watu wananijua." Kuanzia hapo kila alipokuja alikuja na maziwa, na yaliyobaki Brigid alipewa, kwa sababu mama anayenyonyesha hawezi kushindia mboga na maji. Mfikirie huyo mzee, anawanywesha maziwa watu wanaomzuia kung'oa mlango wake.

Ismail alijaribu kutusaidia kwa sheria. Ni mtu anayesikiliza redio sana pale dukani. "Mzee," akasema, "hata sheria inakataa kutoa mlango ya mtu bila amri ya korti. Kuna baraza la mambo ya kupangisha nyumba. Brigid akienda huko utapata shida."

"Ismail, usinitishe na korti," Mzee akajibu. "Korti angalau ina siku ya kumaliza."

Kisha ikaundwa kamati, kwa sababu hakuna kikao cha namna hii kisichozaa kamati. Kamati ya kumsaidia Brigid kulipa kodi. Seline mwenyekiti, bila kupingwa. Ismail katibu. Ilipofika kwa mweka hazina, Seline akatutazama mmoja mmoja, akasema, "Hapa tunataka mtu mwaminifu, mtu pesa haiwezi kumtingisha. Mimi napendekeza Mzee Kiplimo."

Nikacheka. Nilicheka peke yangu. Mzee hakucheka. Lazima mjue kwamba kanisani kwake Mzee Kiplimo alikuwa naibu wa mweka hazina, naibu kwa miaka mingi, na kila uchaguzi ukija anabaki naibu. Alisimama, akakohoa, akajifunga vifungo vya koti.

"Kama mmeona nafaa," akasema, "sitakataa."

Makofi ya kilo.

Na huyo alikuwa mweka hazina kweli. Alitusumbua! Alinifuata mpaka sokoni kwenye viatu vyangu, akasimama mbele ya wateja, akaniuliza ahadi yangu ya kumsaidia Brigid iko wapi. Alimwambia Ismail kwamba mtu anayeahidi na asitoe ni kama mwizi. Siku ya harambee akasema mweka hazina hutangulia kwa mfano. Akatoa noti kwenye mfuko wa kushoto wa koti, akaionyesha watu, akapigiwa makofi, akaitia kwenye bahasha ya kamati. Tulipomaliza kuchanga, akaipokea bahasha kama mweka hazina, akaivusha kwa mwenye ploti, yaani yeye, akaitia mfuko wa kulia. Kisha akamshukuru mweka hazina kwa kazi nzuri. Brigid alicheka mpaka akaketi chini, na ndiyo mara ya kwanza nilimwona akicheka tangu atoke hospitalini.

Deni lilipungua, halikwisha. Sisi ni watu wa mandazi na mitumba, tungetoa wapi? Na ule mlango ulikuwa bado umefungwa na kamba za viatu vyangu.

Jioni moja baada ya kikao nilibaki kumsaidia Seline kusuuza vikombe. Nilikuwa nimechoka na nikamwambia bila kuficha. Nikamwambia, "Mama Mwenyekiti, hii maneno yote ya nini? Si tumwambie tu mzee asiguse mlango, na akigusa tumtoe mbio?"

Aliendelea kusuuza.

"Ule mwaka mbaya wa uchaguzi, watu wakichomeana nyumba, nilikuwa Burnt Forest," akasema. "Walikuja kwangu. Wachira, nilikuwa nawajua. Wengine nilikuwa nimewapikia matanga. Nikatoka na sufuria ya chai hivi, nikawaambia, ngojeni, tuombe kwanza. Kuna mmoja alishika kofia yake. Nilimwona. Alikuwa anataka kuvua. Wenzake wakamwita, wakamwambia twende haraka, akawacha." Akanipa kikombe nikipanguse. "Angevua ile kofia, nyumba yangu ingekuwa hapo mpaka leo."

Nikapangusa vikombe vilivyobaki vyote. Tangu siku hiyo sijasinzia kikaoni mwake, ingawa bado sipendi mikutano.

Mwisho wa mwezi Mzee Kiplimo akaja bila maziwa. Tulijua hapo hapo kwamba mambo yamebadilika. Alikuwa amechekwa Kapseret, mke wake amemwuliza kama anapangisha nyumba ama anaendesha kwaya, na kulikuwa na mtu mwingine, mwalimu, aliyekwisha kulipia kile chumba cha mwisho. Ilikuwa Jumatano. Ismail yupo, mimi nipo, mvua haipo. Mtoto alikuwa na mafua tangu juzi yake na Brigid alikuwa hajalala. Ungeweza kusikia ile pumzi ndogo ikikwaruza kupitia mwanya wa juu.

"Leo tunafunga," Mzee akasema. Bisibisi ilikuwa mkononi tayari. "Mama, nimekuheshimu sana. Leo tunafunga, na nikisikia Amina natoa mlango yangu."

Seline akaanza ajenda. Yaliyotoka kikao kilichopita: Mzee akasema yathibitishwe, yakathibitishwa. Ripoti ya mweka hazina: akaitoa kwa pumzi moja. Mengineyo: nikataja shati langu la kijani, na kwa mara ya kwanza Seline alinitazama kwa shukrani, lakini Mzee akasema shati linapelekwa kwa kamati ndogo. Hakukuwa na kitu kingine. Brigid alikuwa amesimama mlangoni na mtoto kifuani, anamtazama Seline usoni, na Seline alikuwa anatazama mikono yake.

"Basi," akasema polepole. "Imebaki kufunga tu. Ismail, anza."

Ismail akapiga dua ndefu kuliko zote alizowahi kupiga, Mungu ambariki, lakini hata dua ndefu ina mwisho.

"Na kwa upande wetu," Seline akasema, "mimi nilifungua. Si vizuri mtu mmoja afungue na afunge. Mgeni wetu wa heshima ni Mzee. Mzee, tusimame, utufungie."

Nilitaka kumpigia kelele. Anampa mwenye bisibisi neno la mwisho! Nikaona amechoka, nikaona sasa yamekwisha. Tukasimama. Mzee akavua kofia, akafumba macho. Kwa kuwa alikuwa karibu kabisa na mlango, na kwa kuwa hiyo ndiyo tabia yake nyumba zote alizowahi kuingia, akauwekea kiganja.

Alianza kwa haraka. Akashukuru kwa uzima. Akashukuru kwa mvua, kwa mahindi, kwa ng'ombe wanaokamuliwa na wale wenye mimba. Akaiombea kamati na viongozi wake, hasa mweka hazina. Akapata moto kidogo, sauti ikapanda, kama inavyompanda kila mara, na maneno yakaanza kutoka yenyewe.

"Na nyumba hii, Baba, iko mikononi mwako. Linda watu wake, wakubwa kwa wadogo. Linda mlango huu, Baba! Adui asiuguse. Mkono wowote utakaokuja kuutikisa, mchana ama usiku, Baba, mkono huo ukauke..."

Akanyamaza.

Mimi nilifungua jicho moja. Mzee Kiplimo alikuwa amefungua yote mawili. Alikuwa anatazama kiganja chake mlangoni, kisha akatazama mkono wa pili, ule wenye bisibisi. Akaishusha. Midomo yake ilicheza bila sauti, nadhani alikuwa anatafuta njia ya kurudi nyuma, lakini nani amewahi kumrudisha Mungu nyuma mbele ya wapangaji? Mtoto akakohoa.

"Amina," Mzee akasema kwa sauti ndogo.

"AMINA!" tukaitika, ploti nzima, na Ismail naye, na watu wa ploti ya jirani waliokuwa wamepanda juu ya matofali kutazama. Seline alikuwa bado amefumba macho. Machozi yalikuwa yanamtoka na hakuyapangusa.

Kikao kilikuwa kimefungwa. Mtu alikuwa huru kwenda popote na kufanya atakalo, na hakuna aliyeondoka. Mzee Kiplimo alisimama pale muda mrefu. Kisha akazitazama zile kamba.

"Nani alifunga mlango yangu na kamba ya viatu?"

"Ni mimi, Mzee," nikasema.

"Fungua. Halafu ushike hapo juu, uinue kidogo."

Nikafungua, nikainua. Akaingiza mkono mfukoni mwa koti, akapekua, akatoa nyasi kavu, akatoa pipi, akatoa zile skrubu. Akazipuliza vumbi. Akazirudisha moja moja kwenye bawaba ya juu, akakaza, akachuchumaa akakaza na za chini pia.

"Kodi bado naitaka," akasema huku amempa Brigid mgongo. "Pole pole, lakini naitaka."

"Ndiyo, Mzee," Brigid akasema. "Asante, Mzee."

"Na huyo mwalimu nitamrudishia pesa yake. Sasa ingia ndani, huyu mtoto anapigwa na baridi."

Brigid akaingia. Mzee Kiplimo akaujaribu mlango kwa kidole, ukaenda, ukarudi, haukulalamika. Akaufunga taratibu mpaka mwanya wote ukaisha, na baridi ikabaki huku nje, na sisi.